Lokwati haiivi kapuni

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji tuzungumzie tunda la lokwati, maana msimu wake ni mfupi na kila unapofika husikika maneno yale yale. Aliyebahatika kupata zile kubwa za mlimani, ambazo ukizing'ata maji huchuruzika mpaka kwenye kiwiko, huusifu mlima. Aliyeuziwa chachu huulaumu mti. Mlima una sehemu yake, hatubishi, ila ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ukubwa wa tunda huamuliwa na mkasi miezi kadhaa kabla ya mavuno, na utamu huamuliwa na mchumaji katika siku chache za mwisho.

Kwa wasioufahamu mti wenyewe: mlokwati ni wa ukoo mmoja na mtofaa na mpea, isipokuwa haupukutishi majani. Asili yake ni China. Jina lake la kisayansi lina neno japonica kwa sababu Carl Peter Thunberg, aliyeueleza mwaka 1780, aliukuta Japani, ambako ulikuwa umelimwa karne nyingi. Mwaka 1821 John Lindley akaupa jina Eriobotrya, lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, sufu na kichala. Ni jina lililotungwa na mtu aliyetazama vizuri, kwa kuwa vikonyo, maua na hata ganda la tunda vimefunikwa malaika, yaani vinyweleo laini. Mnunuzi ayakumbuke malaika hayo, tutayarudia.

Kalenda ya mlokwati inakwenda kinyume. Huchanua wakati miti mingine ya nchi za baridi inapukutisha majani, hubeba vitunda vyake kipindi chote cha baridi, kisha huivisha joto linapoanza kurudi, kabla ya karibu matunda mengine yote. Tangu ua hadi tunda hupita miezi mitano hadi saba. Muda huo wote adui mkubwa ni jalidi. Ua lililofunguka hufa baridi ikifika nyuzi 7 chini ya sifuri, na kitunda kichanga ni dhaifu zaidi, hufa kwenye nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri, ingawa mti wenyewe hustahimili hata nyuzi 10 chini ya sifuri bila kuonyesha dalili. Kwa hiyo mwenye mti mzuri, wa kijani kibichi, usiozaa mwaka hadi mwaka, asikimbilie kumshutumu aliyemuuzia mche. Aangalie kwanza umesimama wapi. Hewa baridi ni nzito na usiku hutiririka kwenda bondeni kama maji, ndiyo sababu miti ya katikati ya mteremko hupona usiku ambao ya bondeni inaungua.

Joto nalo lina mpaka wake. Nchini Guatemala, milokwati huzaa vizuri kati ya mita 900 na 1,200 juu ya usawa wa bahari, na chini ya hapo huzaa kidogo au haizai kabisa. Mlimani usiku wa baridi hulizuia tunda lisiteketeze sukari yake kwa kupumua, udongo wa mteremko hautuamishi maji, na uivaji huenda polepole. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6, hivyo mteremko mmoja huiva kwa ngazi: wa chini kwanza, wa juu wiki kadhaa baadaye.

Hapo ndipo ulipo mtego. Baridi inayotunza sukari ndiyo hiyo hiyo inayochelewesha uchachu kupungua. Lokwati ya juu hupata rangi ya manjano wakati asidi bado imejaa, na mchumaji akiona soko la wenzake wa chini limechangamka huwahi kukata. Matokeo yake tunda la mlimani, ambalo lingeshinda yote, linafika kwa mlaji likiwa chachu kuliko la bondeni. Mlima haukukosea chochote.

Turudi kwenye ukubwa. Kichala kimoja cha mlokwati hubeba maua 60 hadi 100, na wakati mwingine zaidi. Mengi hupukutika yenyewe, lakini vitunda vinavyobaki bado ni vingi kuliko tawi linavyoweza kulisha. Na mti hulisha kwa mpangilio wake: kokwa hujengwa kwanza, nyama hufuata, na nyama hutanuka kwa kasi katika wiki sita hadi nane za mwisho. Chakula kikipungua wakati huo, kokwa zimekwisha kuchukua haki yao, na inayokosa ni nyama. Ndiyo maana lokwati ndogo huonekana kama ganda lililovalishwa juu ya kokwa. Si aina mbaya. Ni aina yoyote iliyoachwa izae itakavyo. Hata Jiefangzhong ya mkoa wa Fujian, China, inayosifika kwa matunda ya zaidi ya gramu 60, haitoi tunda la namna hiyo kwenye kichala kilichosongamana.

Wakulima wa Japani, kwa aina ya Mogi ambayo tunda lake ni la kadiri, hubakiza matunda matatu au manne kwa kichala. Kwa Tanaka, ambayo ni kubwa, hubakiza moja hadi matatu. Kazi hiyo ina hatua, na kila hatua ina wakati wake. Vichala vikijitokeza kwenye ncha za matawi, kabla maua hayajafunguka, ondoa karibu kimoja katika kila viwili, ukianza na vilivyo kwenye matawi dhaifu na vilivyojificha kivulini upande wa chini. Ncha zilizoachwa bila kichala huchipua vizuri na kubeba mwaka unaofuata, kwa hiyo hatua hii pia huuzuia mti kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka wa pili. Kisha ndani ya kichala kilichobaki, kata sehemu ya juu na ubakize vitawi vitatu au vinne vya katikati.

Penye jalidi usiwe na haraka na hatua hiyo ya pili. Maua ya kichala hayafunguki siku moja, hupishana kwa wiki kadhaa, na yaliyochelewa ndiyo bima yako usiku mmoja ukiharibika.

Hatua ya mwisho ndiyo yenye uzito. Subiri vitunda vifikie ukubwa kati ya njegere na ukucha wa kidole gumba, na hatari ya jalidi iwe imepita. Ondoa vyenye mikwaruzo, vilivyodumaa, na vilivyobanana kiasi kwamba vikinenepa vitasuguana. Tumia mkasi mwembamba wenye ncha, kwa sababu kung'oa kwa vidole huchubua kikonyo cha kitunda cha jirani. Ukishuka kwenye ngazi ukatazama vitunda vilivyotapakaa chini na moyo usikuume, hujapunguza vya kutosha.

Wanaoogopa kupoteza uzito wapige hesabu. Tuseme kichala chenye matunda 12 ya gramu 20 kina gramu 240, na chenye manne ya gramu 55 kina gramu 220. Tofauti ni gramu 20, na katika zile gramu 240 za kwanza kokwa zina sehemu kubwa zaidi. Ongeza kwamba mchumaji amekata mara nne badala ya mara 12. Anayepunguza matunda yakiwa yameanza kugeuka rangi, yeye ametupa matunda tu. Muda wa nyama kutanuka umempita.

Baada ya kupunguza, wengi China, Taiwan na Japani huvisha vichala mifuko ya karatasi. Mfuko huzuia jua kali lisiunguze ganda, huzuia ndege na nzi wa matunda, na hulinda malaika yasisuguliwe na majani. Funga mdomo wa mfuko kwenye kikonyo, si kwenye tawi, na uache pembe za chini zikiwa na upenyo wa maji kutoka. Karatasi nene isiyopitisha mwanga huchelewesha rangi. Mfuko wa plastiki usiuguse kabisa: hukusanya joto na jasho, na utakachofungua ni uozo. Ubaya mmoja wa mifuko ni kwamba uivaji hauonekani, kwa hiyo lazima ufungue michache kila upande wa mti kabla ya kuamua siku ya kuchuma.

Halafu maji. Mizizi ya mlokwati mingi iko juu juu, ndiyo maana jembe ni adui yake. Palilia kwa kufyeka na utandaze majani makavu au nyasi unene wa sentimita 10 hadi 15, ukiacha nafasi ya sentimita 20 kuzunguka shina lisioze. Tandazo hilo hufanya kazi kubwa wiki za mwisho. Ardhi ikikauka kisha mvua kubwa ikanyesha tunda likiwa linageuka rangi, nyama hunywa maji ghafla na ganda, ambalo limekwisha kupoteza mnyumbuko, hupasuka. Ufa wa leo ni ukungu wa kesho kutwa. Dawa yake ni kumwagilia kidogo na kwa mfululizo tangu mapema. Kumwagilia kwa wingi baada ya kuona nyufa ni kuongeza nyufa.

Mbolea ya nitrojeni ikizidi huleta majani mapana na machipukizi laini, tunda hulegea, na machipukizi hayo ndiyo mlango wa ugonjwa wa mbabuko wa moto unaosababishwa na bakteria Erwinia amylovora, ule ule unaoua mipea. Ncha ya tawi hujikunja kama ndoano na kuwa nyeusi kama iliyochomwa. Kata angalau sentimita 30 chini ya mahali palipoungua, safisha mkasi kwa spiriti kila baada ya mkato, na uchome ulichokata. Usikiache chini ya mti.

Kuna doa jingine ambalo limewaponza wakulima wengi bila sababu. Ni la zambarau, limedidimia kidogo, na hutokea tunda linapoanza kugeuka rangi. Limechunguzwa sana Uhispania kwenye aina ya Algerie, ambayo ndiyo inayotawala mashamba ya Callosa d'en Sarrià, na huhusishwa na upungufu wa kalsiamu kwenye ganda. Si ugonjwa na haliambukizi. Linaishia kwenye ganda, ambalo linamenywa hata hivyo, lakini mnunuzi hulipita lenye doa akaenda kuchukua lililong'aa lisiloiva.

Sasa kichwa cha barua yetu. Embe, ndizi na parachichi huchumwa bado ngumu zikaivia ndani, na watu wameizoea desturi hiyo kiasi cha kudhani kila tunda liko hivyo. Lokwati haiko hivyo. Ikikatwa kwenye mti haiongezi sukari. Italainika kidogo, itanyauka, rangi inaweza kukolea, na asidi itashuka kiasi, lakini utamu ulioondoka nao mtini ndio utakaoula. Kuiweka kwenye gunia au pamoja na ndizi mbivu ni kuisubirisha ioze.

Kwa hiyo mchumaji atazame maungio ya kikonyo na tunda. Kijani hapo kikiwepo hata kama upande wa jua umeshakuwa wa dhahabu, aliache. Aina za nyama ya chungwa zingoje mpaka rangi ikolee sawasawa pande zote. Za nyama nyeupe hubaki na ganda hafifu, na kwazo kidole ni mwalimu bora kuliko jicho: tunda linyumbuke kidogo likibonyezwa kwa ulaini, si kutota. Mwenye kipimo cha Briksi, yaani cha sukari iliyomo kwenye maji ya tunda, aonje na kupima. Chini ya 10 mara nyingi uso hukunjamana, na kuanzia 12 hivi tunda linajitetea lenyewe. Matunda ya mti mmoja, hata ya kichala kimoja, hayaivi pamoja. Mti hupitiwa mara tatu au nne, kwa kuachana siku tatu hadi tano. Anayevuna mti mzima kwa siku moja amechanganya mbivu, mbichi na zilizopita, na mnunuzi atakumbuka ile mbichi.

Chuma asubuhi umande ukishakauka. Kata kwa mkasi ukiacha kikonyo cha sentimita moja hivi, maana ukivuta, ganda hung'oka na kikonyo na kidonda hicho huoza siku hiyo hiyo. Shika kikonyo, usishike tunda. Nyama ya lokwati ina kimeng'enya kinachoigeuza kahawia kila inapominywa, na alama ya vidole ambayo huioni asubuhi itaonekana jioni kama doa la chai. Panga kwenye kreti la kina kifupi lililotandikwa karatasi laini, tabaka moja, mawili ukilazimika.

Na hapa malaika yanarudi. Tunda lenye malaika yake yote, lenye ganda lililofifia kama lililopakwa vumbi, halijashikwashikwa. Lile linalong'aa kama limepakwa mafuta limesuguliwa, mara nyingi na mtu aliyefikiri analipendezesha. Mnunuzi achague lililofifia, lenye rangi iliyokolea hadi kwenye kikonyo, zito mkononi kwa umbo lake, na asiogope doa la juu juu. Kikonyo chenyewe kiwe bado kibichi. Kikiwa kimekauka na kuwa cheusi, tunda limekaa siku nyingi.

Nyumbani, kwenye chumba chenye ubaridi, hudumu siku tatu hadi tano. Kwenye friji, ndani ya mfuko wenye matundu, wiki moja hadi mbili. Usizisukumie kwenye kona yenye baridi kali inayokaribia kuganda: baadhi ya aina za nyama ya chungwa hapo hukakamaa, nyama ikawa ya nyuzinyuzi na kavu kama mti, na hairudi tena ilivyokuwa. Osha wakati wa kula tu.

Kumenya si kazi. Kata kitako chenye mabaki ya ua, kisha vuta ganda kuanzia hapo kuelekea kwenye kikonyo, litatoka vipande virefu ikiwa tunda limeiva kweli. Likigoma na kukatika vipande vidogo, umekwisha kupata jibu kuhusu mchumaji wake. Pasua, toa kokwa, na ukwangue ule utando mweupe unaozizunguka, kwa sababu una ukakasi. Kilo moja ya matunda mazuri hutoa takriban gramu 600 hadi 700 za nyama. Kwa jemu, weka gramu 500 za sukari kwa kila kilo ya nyama iliyosafishwa pamoja na maji ya ndimu mbili, ambayo huzuia weusi na kusaidia jemu kuganda. Matunda yasiyoiva sana yana pektini zaidi, kile kinachogandisha jemu, kwa hiyo zile chachu mlizouziwa zina kazi ya kufanya.

Kokwa zisitafunwe wala kusagwa. Zina amigdalini, ambayo mwilini hutoa sumu ya sayanaidi, na unga wa kokwa za lokwati unaouzwa kama dawa si kitu cha kumezwa. Kumeza kokwa moja nzima kwa bahati mbaya si janga, hatari iko katika kuzivunja. Anayetaka kupanda azipande mbichi wiki hiyo hiyo, kwa sababu zikikauka hazioti. Ila ajue kwamba mti wa mbegu huchukua miaka mitano hadi kumi kuzaa na haumfuati mama yake. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kitawi cha mti unaojulikana, huzaa katika mwaka wa pili au wa tatu, na tunda unalijua tangu siku ya kununua.

Mavuno yakiisha, mkasi usipelekwe stoo. Pogoa mara moja: fungua katikati ya mti mwanga upite, ondoa matawi yanayosuguana, na ushushe kimo hadi mahali mkono na ngazi fupi vinapofika, kwa kuwa mti usiofikika haupunguzwi vitunda. Ukichelewa hadi miezi ya mwisho ya joto utakuwa unakata vichala vya msimu ujao, ambavyo wakati huo vimekwisha kujitengeneza ndani ya ncha za machipukizi bila kuonekana.

Ni sisi,
Watunzaji na wachumaji wa lokwati